Kupima presha ya rejeta ni nini?

Siyo ile ya hospitali, ingawa inafanana nayo kidogo. Kwa fundi, kupima presha ni kuusukumia hewa mfumo wa maji ya injini kwa pampu ya mkono yenye geji, gari likiwa limezimwa na limepoa, mpaka msukumo ufikie ule unaokuwepo gari likiwa barabarani. Baada ya hapo unakaa, unaangalia mshale.

Sababu ni kwamba gari la zamani halivuji mbele ya fundi. Rejeta imefunikwa kwa mfuniko wenye springi unaozuia mvuke usitoke, ili maji yasichemke mapema. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko wa paundi 9 za msukumo kwa inchi ya mraba, kama wa Land Rover Series III, huongeza nyuzi zaidi ya kumi. Ufa mwembamba hufunguka presha hiyo ikipanda, na tone likiangukia ekzosi ya moto linakuwa mvuke papo hapo. Ukisimama na kufungua boneti, pakavu.

Pampu hufungwa mahali pa mfuniko. Piga mpaka namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wenyewe, usizidishe, maana rejeta ya shaba iliyolehemiwa mara tatu haitaki ubabe. Subiri robo saa. Mshale ukishuka, chukua tochi. Na usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka kiasi gani.

Hapa ndipo wengi hupotea: pale maji yanapodondokea sipo yanapotokea. Gari la marehemu baba lililowanisha mpira wa chini wa rejeta wiki mbili nzima. Nikabadilisha mpira, nikabadilisha klipu, likaendelea. Siku nilipopima presha, niliona uzi wa maji ukitoka kwenye kitundu kidogo chini ya shingo ya pampu ya maji. Kitundu hicho kimewekwa makusudi kiwandani: sili ya ndani ikichoka, maji yatokee hapo kabla hayajaua beringi. Feni ilikuwa ikiyapeperusha hadi kwenye mpira. Kukiziba kwa gundi, kama nilivyoshauriwa na mtu, ni kumziba mdomo anayekuonya.

Mshale ukishuka na chini hakuna hata tone, maji yanaingia mahali. Papasa kapeti upande wa hita. Kulanti, yaani maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa, inanata na ina harufu ya utamu. Chomoa stiki ya oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, acha kuwasha. Toa plagi zote, kisha zungusha injini kwa stata ukiwa umesimama pembeni. Silinda itakayotema maji ndiyo yenye gasketi iliyokufa, au hedi (kichwa cha injini) iliyopasuka.

Pima na mfuniko pia, kwa pampu hiyohiyo. Mpira wake ukikauka, maji hutoka kwa bomba la pembeni na unaanza kulaumu rejeta. Magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 hayana chupa ya kupokea maji yanayozidi, kwa hiyo ukijaza mpaka shingoni yatatapika ziada chini, kisha yatatulia kwenye kiwango chake, sentimita chache chini ya mdomo. Hilo usiliite kuvuja.