Minzhu: bwana wa watu, au watu ndio mabwana?

Kiswahili kilipohitaji jina la utawala wa watu kiliazima demokrasia, neno lililokuja na sauti yake ya Kigiriki, na ndiyo maana msemaji wa kawaida hawezi kulipasua akaona kilichomo ndani. Wachina walichukua neno lao la kale, minzhu, linaloandikwa kwa alama mbili: min, watu, na zhu, bwana. Katika Shujing, mkusanyiko wa nyaraka za kale za wafalme, minzhu ni bwana wa watu, yaani mtawala anayetafutwa na Mbingu. Mwaka 1864, mmisionari Mmarekani W. A. P. Martin na wasaidizi wake Wachina walipotafsiri kitabu cha Henry Wheaton kuhusu sheria ya kimataifa, alama hizo hizo zilitumika kueleza nchi ambayo watu wenyewe ndio mabwana.

Wapo wanaosema China ilikuwa na demokrasia tangu Mencius, mwanafalsafa aliyefundisha katika karne ya 4 kabla ya Kristo kwamba watu ndio wenye thamani kubwa kuliko wote na mfalme ana uzito mdogo zaidi. Mimi nasita. Fundisho hilo, liitwalo minben, lilimtaka mtawala awalishe na kuwahurumia watu, ambao ndio shina la dola, na lilikubali kwamba dhalimu huweza kung'olewa. Lakini halikuwapa watu hao chombo chochote cha kumchagua wala cha kumhoji.

Aliyekaribia zaidi ni Huang Zongxi, msomi aliyeishuhudia nasaba ya Ming ikianguka. Katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1663 aliandika kwamba zamani watu walikuwa wenyeji na mfalme mgeni, ila siku zake mgeni amejifanya mwenyeji. Neno alilotumia kwa mwenyeji ni zhu lile lile, kwani kwa Kichina mwenye nyumba na bwana huandikwa kwa alama moja. Huang alitaka pia shule ziwe mahali pa kujadili mambo ya serikali, na mfalme aende huko kuketi pamoja na wanafunzi.

Jamhuri ilipotangazwa mwaka 1912, uchaguzi wa bunge uliofuata uliwahusu wanaume wenye mali au elimu tu. Chama cha Kuomintang kilishinda, lakini kiongozi wake wa kampeni, Song Jiaoren, alipigwa risasi katika stesheni ya reli ya Shanghai Machi 1913, na bunge halikudumu. Mwaka 1919 mwandishi Chen Duxiu aliiita demokrasia, mgeni huyo kutoka ng'ambo, "Bwana De", kwa silabi ya kwanza ya demokrasia (huyu ni bwana wa heshima, si wa kutawala).

Chen alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Kikomunisti, ambacho nacho hakikuliacha neno. Katiba ya mwaka 1982 inaitaja China kuwa dola ya udikteta wa kidemokrasia wa watu. Wananchi huchagua moja kwa moja wajumbe wa mabunge ya wilaya, na mabunge ya juu huchaguliwa na yale ya chini yake, chini ya uongozi wa chama. Tangu 2019 Xi Jinping huuita mfumo huo demokrasia ya watu ya mchakato mzima, hoja yake ikiwa kwamba watu kuombwa maoni na kuhudumiwa kila siku kunazidi kura ya siku moja. Anayemkumbuka Mencius ataisikia minben humo.

Mwanaharakati Wei Jingsheng alibandika hoja ya kinyume, kwamba bila watu kuwachagua viongozi wao hakuna demokrasia, kwenye ukuta wa Xidan, Beijing, Desemba 1978, akafungwa mwaka uliofuata. Na Taiwan, ambako rais alichaguliwa kwa kura ya moja kwa moja kwa mara ya kwanza mwaka 1996, utawala huo nao huitwa minzhu, kwa alama zile zile mbili.