Kuinua pikapu hakuongezi uwezo wake wa kuvuta
Kwa miaka mingi imeaminika kwamba pikapu ya zamani iliyoinuliwa, yenye springi ngumu na matairi makubwa, huvuta mzigo mzito kuliko ilivyotoka kiwandani. Imani hiyo si sahihi. Uwezo wa kuvuta huamuliwa na fremu, ekseli, breki, gia na mfumo wa kupoza injini kwa pamoja, na hakuna hata kimoja kinachoimarika kwa sababu tu bodi imekaa juu zaidi.

Matairi ndiyo yenye athari kubwa, ingawa wengi huyaona kama pambo. Tairi la inchi 35 likifungwa mahali pa lile la inchi 31, kila mzunguko husogeza gari takriban asilimia 13 zaidi; kwa hiyo nguvu ya kusukuma hupungua kwa zaidi ya asilimia 11, gia hupata joto mlimani, na breki hulemewa. Spidomita nayo hudanganya: ikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari huwa linakimbia karibu 113. Kwa maoni yangu, fedha za kwanza zitumike kubadilisha meno ya difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu, ili kurejesha uwiano wa awali kati ya mizunguko ya injini na mwendo wa gari, kisha spidomita isahihishwe.

Kiungio cha trela nacho kishushwe hadi trela ikae sambamba na barabara. Pua yake ikielekea juu, uzito unaokikalia kiungio hupungua, na trela huweza kuanza kuyumba katika mwendo wa kasi. Kwa trela za kawaida, uzito huo uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela pamoja na shehena yake.