Ushuhuda si ushahidi, hata ukitoka chumbani kwa mkubwa

Juzi tena, ndani ya daladala, redio imefunguliwa mpaka mwisho: "Ushahidi wa katibu muhtasi wa Hitler unathibitisha kwamba watu wake wa karibu hawakujua kitu kuhusu mauaji ya Wayahudi." Abiria wa pembeni yangu akatikisa kichwa: "Kama mwenyewe alikuwamo humo ndani, nani atabisha?" Nilitaka kubisha, kituo changu kikafika. Nabishia hapa.

Maana kwanza, haraka. Ushahidi ni maelezo au kitu kinachotolewa ili kuthibitisha au kukanusha jambo, na anayekipokea ana haki ya kukihoji. Ushuhuda ni mtu kusimulia aliyoyaona au yaliyompata. Wengi hulitumia moja pale pa lingine, na vurugu inaanzia hapo.

Yote mawili yametoka Kiarabu, mzizi mmoja wa herufi tatu: shini, he, dali. Kitenzi chake, shahida, asili yake ni kuwapo mahali jambo linapotokea, kulihudhuria, kuliona. Kiswahili kimeuchuma mti huu hadi matawi ya juu: shahidi, kushuhudia, shahada anayoitamka anayeingia Uislamu, shahada ya chuo kikuu inayotundikwa sebuleni, hata shahidi aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Lakini mzizi wenyewe hausemi "kweli". Unasema kuwapo tu. Na aliyekuwapo anaweza kuona vibaya, anaweza kusahau, anaweza kudanganya. Tena akiamua kudanganya atadanganya vizuri kuliko asiyekuwapo, maana anaijua rangi ya mapazia.

Baadaye matumizi yakawatenganisha ndugu hawa. Ushahidi ukaenda mahakamani, kwenye vielelezo, mawakili na maswali ya kumtoa mtu jasho. Ushuhuda ukahamia zaidi kanisani. Aliyewahi kukaa ibada ya Jumapili analijua umbo lake: nilikuwa mlevi, mke wangu alikuwa analala kwa jirani, siku moja nikaisikia sauti, na leo mnaniona nimesimama hapa na suti. Amina! Hakuna anayenyoosha mkono kuuliza ilikuwa baa gani na bili alilipa nani. Wala haifai kuuliza, kwa sababu ushuhuda haukuletwa pale kupimwa.

Sasa mtazame Albert Speer. Msanifu majengo wa Hitler, kisha waziri wake wa silaha kuanzia Februari 1942, mtu wa kuingia kwa mkubwa karibu apendavyo. Katika kesi ya Nuremberg, walikoshtakiwa viongozi wa Kinazi baada ya vita, washtakiwa wote walikana mashtaka, naye akiwamo. Juni 1946, alipopanda kujitetea, akasema viongozi wanabeba wajibu wa pamoja kwa yaliyotokea. Tangu siku hiyo dunia inasema Speer alikiri. (Hili nalo linaniudhi, ila nitalipita mbio.) Kukiri ni kusema: nilifanya hiki, siku fulani. Yeye alikubali kubeba kipande cha mzigo wa wote, huku akishikilia kwamba habari za kuangamizwa kwa Wayahudi hakuzijua. Akafungwa miaka 20, akatoka gereza la Spandau mwaka 1966, na kumbukumbu zake zilizochapishwa 1969 zikauzwa sana. Zisome ukiwa na ile ibada kichwani: nilikuwa kijana mwenye kipaji, nikalewa haiba ya mtu mmoja, nikazinduka nimechelewa. Ni ushuhuda mtupu. Kinachokosekana ni Amina, nayo wasomaji waliitoa.

Ushahidi ulikuja kwa mlango mwingine. Tarehe 6 Oktoba 1943, mjini Posen (leo Poznań, Poland), Himmler, mkuu wa kikosi cha SS, aliwaambia viongozi wa chama cha Nazi bila kuficha kwamba Wayahudi wanauawa, wanawake na watoto wakiwamo. Speer alihutubia mkutano huohuo mapema siku hiyo, lakini baadaye akadai aliondoka kabla ya Himmler kusema. Mwaka 2007 ikajulikana barua aliyomwandikia mjane mmoja Mbelgiji mwaka 1971. Humo anasema hakuna shaka, alikuwapo. Kuwapo! Mzizi uleule, safari hii umeandikwa kwa mkono wake. Kuna pia daftari la shughuli za ofisi yake. Rafiki yake Rudolf Wolters alilipiga chapa upya na kuziondoa sehemu zinazotaja Wayahudi waliofukuzwa kwenye nyumba zao Berlin, na Speer akaikabidhi nakala hiyo iliyosafishwa kwa hifadhi ya nyaraka ya taifa, Koblenz. Nakala ya awali ilipotoka hadharani miaka ya 1980, msafishaji na msafishwaji walionekana wote wawili.

Usidhani nawaita wote waongo. Erich Kempka, dereva wa Hitler, alieleza Nuremberg jinsi Martin Bormann, mkuu wa ofisi ya chama cha Nazi, alivyokumbwa na mlipuko wa kifaru karibu na daraja la Weidendammer wakitoroka Berlin. Kempka alikuwapo, mlipuko aliuona kwa macho yake, na aliamini Bormann amefia pale. Mahakama haikuridhika, ikamhukumu Bormann kunyongwa bila yeye kuwapo. Mwaka 1972 mifupa yake ikafukuliwa kwingine, jirani na kituo cha reli cha Lehrter. Dereva hakudanganya. Aliona mlipuko, kifo akakijazia mwenyewe.

Sasa mlinganishe na Käthe Heusermann, msaidizi wa daktari wa meno wa Hitler. Mei 1945 Wasovieti walimtaka aeleze kinywa cha mkubwa kilivyokuwa, akaeleza kwa kumbukumbu. Kisha wakamwonyesha taya na madaraja ya meno (meno ya bandia yaliyounganishwa) waliyoyaokota, vikalingana na maneno yake. Huo ndio ushahidi: maneno yake upande mmoja, kitu upande wa pili, na watu wa tatu wa kulinganisha. Shukrani aliyoipata ni kufungwa miaka kadhaa huko Urusi.

Nirudi kwa katibu muhtasi wa kwenye redio, yaani Traudl Junge. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 1945 Hitler alimtamkia wosia wake, yeye akauandika na kuupiga mashine. Kuhusu usiku ule ni shahidi wa haja, na wosia upo. Lakini "watu wa karibu hawakujua kitu" ni jambo asiloweza kuwatolea wenzake ushahidi. Kwa nafsi yake alisema ukubwa wa mauaji hakuujua, na kwamba kwa miaka mingi alijifariji kwa hilo. Kisha siku moja akapita mbele ya kibao cha kumkumbuka Sophie Scholl, binti wa karibu umri wake, aliyeuawa Februari 1943 kwa kuupinga utawala uleule, wakati yeye ndiyo kwanza anaanza kazi kwa Hitler. Hapo, alisimulia mwenyewe uzeeni, akaona kwamba ujana si udhuru na kwamba pengine ingewezekana kujua.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, alichotuachia mama yule kiite ushuhuda; ni neno la heshima, halimpunguzii chochote. Na ukikinukuu tena, usikikatie pale kwenye faraja.