Stagger: kupepesuka, na yanayozidi hapo

Simama soko la Kongowea alfajiri, malori ya viazi yakishushwa. Hamali anajitwika gunia, na hatua zake za mwanzo haziendi anakotaka: moja inamvuta kushoto, nyingine inamrudisha kulia, kisha mwili unakaa sawa naye anashika njia. Hatua hizo ndizo Mwingereza anaziita stagger, nasi twasema kupepesuka.

Angalia kwamba hajaanguka. Angepiga mweleka, neno lingekuwa jingine. Wala hachechemei, maana anayechechemea huujua mguu wake mbovu na huupangia ule mzuri kazi. Anayepepesuka hana mpango; gunia, njaa, homa, kileo au ngumi ndiyo inayoamua mguu utue wapi. Kuyumba kuko jirani, lakini mnazi huyumba usiku kucha na asubuhi uko palepale. (Chombo kwenda mrama hakumo humu, mabaharia wa Kiingereza wana neno lao.)

Asili yake ni Kinorse cha kale, lugha ya Waskandinavia wa zamani: stakra, kutokana na staka, yaani kusukuma. Mimi naona msukumo huo haujatoka hadi leo. Ndiyo maana habari nayo yaweza "kumstagger" mtu aliyekaa kitini: imemsukuma, miguu imemwisha nguvu. Bei ikiitwa staggering, usiandike bei inayopepesuka. Ni bei ya kuduwaza.

Maana ya tatu ndiyo inayowatega wanafunzi. Mpwa wangu alikuwa akitafsiri staggered hours, akaniuliza, "Mjomba, saa za kazi zapepesukaje?" Nilicheka, lakini swali lilikuwa zuri. Nyayo za anayepepesuka haziko kwenye mstari mmoja, moja huku, moja kule. Ukizipanga hivyo kwa kusudi, ulevi umekwisha na umebaki utaratibu: hawa waingie kazini saa moja, wale saa mbili, msongamano upungue.

Uwanjani ni vivyo hivyo. Katika mbio za mita 400, wa njia ya pili huanza mita 7.04 mbele ya wa njia ya kwanza. Kila njia ina upana wa mita 1.22, kwa hiyo wa nje ana kona ndefu zaidi, na bila kusogezwa mbele angekimbia zaidi ya mwenzake. Hapo Kiswahili chake ni kupishanisha. Mpwa wangu akafuta, akaandika "saa za kazi za kupishana".