Alipona saratani akiwa mtoto: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Miaka 20 imepita, hayo yamekwisha.”

Saratani huenda imekwisha kweli. Kinachobaki ni madhara ya matibabu mwilini. Utafiti mmoja wa Marekani uliwafuatilia zaidi ya watu 10,000 waliougua utotoni kati ya 1970 na 1986. Miaka 30 baada ya kugundulika, 73% walikuwa na angalau ugonjwa mmoja sugu. Enzi hizo mionzi ilitumika sana kuliko leo, kwa hiyo namba hiyo usimbandike kila mtu.

Wasiwasi wangu mkubwa ni moyo. Dawa ya doksorubisini hutibu saratani nyingi za watoto, lakini hudhoofisha msuli wa moyo, na udhaifu huo unaweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Jumla ya dozi ikifika miligramu 250 kwa kila mita ya mraba ya mwili, hatari hupanda sana. Kifua kikiwa kilipigwa mionzi pia, hupanda zaidi. Mtu anaweza asihisi lolote. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ndicho huonyesha. Mwanamke aliyewahi kupata dawa hiyo apimwe kabla ya kubeba mimba, au mapema akishabeba. Asipopimwa, akianza kuhema na kuvimba miguu, nyumba nzima itasema ni mimba tu.

“Faili limepotea, hatuwezi kujua alipewa nini.”

Muulizeni mama. Jina la dawa kalisahau, ila doksorubisini ni nyekundu kama juisi ya rozela, na hata mkojo wa mtoto hubadilika rangi. Alipigwa mionzi? Wapi? Ana kovu tumboni? Mwaka gani, hospitali gani? Daktari ana pa kuanzia hapo.

“Figo moja inamtosha.”

Inamtosha, ndiyo, na wengi waliotolewa figo kwa ajili ya uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto, wanaishi vizuri. Ila apimwe presha na mkojo kila mwaka, wala asinunue diklofenaki au ibuprofeni dukani kila mgongo ukiuma.

“Saratani haimpati mtu mara mbili.”

Humpata, tena ya aina nyingine kabisa. Msichana aliyepigwa mionzi ya kifua ana hatari kubwa ya saratani ya matiti. Uchunguzi wake huanza akiwa na miaka 25, au miaka 8 baada ya mionzi, kutegemea kipi kinakuja baadaye. Hasubiri 40 kama wenzake.

“Basi bora asingepewa dawa hizo.”

Hapana. Seli za Burkitt, saratani ya taya aliyoieleza daktari Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958, zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Bila dawa, mtoto huyo hafiki utu uzima wa kuugua moyo.

“Hatazaa, na akizaa mtoto atarithi.”

Maneno haya yamevunja uchumba mwingi bure. Dawa ya saratani iitwayo siklofosfamaidi kwa dozi kubwa inaweza kupunguza uwezo wa kuzaa, hasa kwa wanaume, lakini wengi huzaa, na saratani nyingi za utotoni hazirithiwi. Saratani ya jicho ndiyo ya kuangaliwa: mzazi aliyeugua macho yote mawili ana uwezekano wa 50% wa kumrithisha kila mtoto. Mtoto wake apelekwe kwa daktari wa macho tangu wiki za kwanza, kabla mboni haijaanza kung’aa nyeupe.