Import ya Python: tunayoambiana vs inavyofanya kweli

Import ni amri ya Python (lugha ya kuandikia programu) ya kuleta moduli, yaani faili la kodi, ulitumie kwenye faili lako. Sasa kuna hii inaitwa from math import sqrt, eti inaokoa memori kuliko import math kwa vile umechukua kitu kimoja tu. Hapana aisee. Python inaibeba moduli nzima vilevile na kuiweka kwenye sys.modules (orodha ya moduli zilizokwisha bebwa), tofauti ni jina gani linabaki kwenye faili lako, math au sqrt, basi.

Na ukiimpoti moduli kwenye mafaili matano hairani mara tano, inarani ile ya kwanza tu, wengine wanapewa ileile iliyokwisha kaa sys.modules. Ndo maana uko kwenye shell (pale unapoiandikia Python amri mojamoja), unarekebisha faili, unaimpoti tena na hakuna kilichobadilika, unabaki kujiuliza hivi nimesevu kweli, mpaka uite importlib.reload, inayoirani moduli upya, au ufunge shell uanze upya.

Inayotesa watu kuliko zote ni global, yaani jina lililowekwa nje ya fankisheni zote. Wengi wanadhani ni ya programu nzima, wakati kwa Python global ni ya moduli, kila faili na majina yake. Chukua settings.py ina lugha = "sw", kwenye main.py ukaandika from settings import lugha, baadaye fankisheni ya settings ikaibadilisha kuwa "en". Printi kwenye main: bado "sw"! Sio bagi, ulipoimpoti ulipewa jina lako mwenyewe linaloelekea kwenye ile "sw", sasa settings wakihamisha la kwao la kwako linabaki palepale. Andika import settings halafu settings.lugha, utapata "en". Ingekuwa list (orodha ya vitu) wakaiongezea kitu kwa append ungeona mabadiliko, maana list ni ileile moja, na hapo ndo watu wanapotea kabisa.

"Python yangu imeharibika" nayo nimeisema sana. Faili nililiita random.py, ndani import random (moduli ya Python ya namba za kubahatisha), nikapigwa AttributeError kwamba random haina randint, fankisheni yake ya kutoa namba, nikainstoo Python upya mara mbili. Kumbe inatafuta kwanza kwenye folda ya skripti kabla ya laibrari zake, so ilikuwa inaniletea faili langu mwenyewe 😂. Ila sys huwezi kuifunika hivyo kwa faili lenye jina lake, imejengwa ndani ya Python yenyewe.

Import *, ile ya kuchukua majina yote ya moduli, haileti kila kitu pia, inaruka majina yanayoanza na _, na kama kuna __all__ (orodha ya majina ambayo moduli yenyewe imeruhusu) inafuata hiyo. Mi siigusi. Jaribu from os import * (os ni moduli ya kuongea na mfumo wa kompyuta) halafu fungua faili lako kwa open kama kawaida, utakula TypeError (kosa la aina ya data), kwa sababu hiyo open sasa ni ya os na inadai namba pale ulipoandika "r" ya kusoma.