Wati nyingi za chaja ya simu zisikudanganye

Wengi hudhani chaja ya simu ya wati 25 itaiendesha Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, bila wasiwasi, maana yenyewe inataka wati 15 tu. Hapo ndipo penye mtego. Chaja nyingi za kasi hufikisha wati hizo kwa volti 9, baada ya kuelewana na simu. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, basi; kwa volti 5, baadhi ya chaja hizo hazifikishi ampea hizo. Linux, mfumo unaoiendesha Pi, inawaka vizuri, unachomeka diski ya USB, Pi inazima. Lawama anatupiwa kadi ya SD yenye mfumo huo, maskini! Kabla hujaiandika upya, fungua tamino (dirisha la kuandikia amri), andika vcgencmd get_throttled. Ukipata 0x0, umeme uko sawa tangu iwake. Ukipata 0x50005, volti zimeshuka sasa hivi. Kagua na waya: mwembamba na mrefu hula volti njiani.